Rangi Aliyoiacha Mahfudh

Siku Felix Nguma alipokuja Mlaleo na ile kompyuta, alikuwa ameifunga kwa kitambaa cheupe na ameishika kwa mikono miwili, utadhani amekabidhiwa mtoto wa watu. Mtu ambaye hodi yake siku zote husikika mpaka nyumba ya tatu, siku hiyo alivua viatu barazani kabla hajakaribishwa, akaita taratibu, "Hodi. Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita uketi," alijibu Bi Fairuz.

Bi Fairuz ndiye mama wa Mahfudh, na Mahfudh ndiye marehemu. Felix alikuwa mshirika wake. Wawili hao, Mswahili wa Kisauni na Mgiriama wa Kaloleni, walikuwa wakitengeneza kompyuta ndogo ya kushika mkononi katika chumba cha kupanga kule Nyali, juu ya duka la mapazia, mpaka siku moyo wa Mahfudh uliposimama akiwa mezani na bisibisi kiganjani. Felix ndiye aliyemlaza chini. Felix ndiye aliyempigia simu Bi Fairuz akashindwa kusema, akabaki analia tu mpaka bibi wa watu akaelewa mwenyewe. Kwa hivyo usije ukadhani siku ile alikuja kibiashara.

Nyuma ya pazia la chumba, mkekani, alikuwa amekaa mjane. Kuluthum alikuwa eda. Kwa asiyejua, mke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi: hatoki ila kwa dharura, hajifukizi udi, hatii wanja wala hina, havai cha kuvuta macho, na wanaume wa kando huzungumza naye kwa kupitia pazia, mtu mzima wa nyumba akiwapo. Ni zito kwa yeyote. Kwa Kuluthum ndipo lilipozidi, maana maisha yake yote yalikuwa rangi. Alikuwa mpiga hina. Maharusi wa Kisauni, wa Likoni, mpaka mabinti wa Nyali wanaoendesha magari yao wenyewe, walimfuata pale Mlaleo wakamnyooshea mikono na miguu. Alianza akiwa kigoli, akimsagia shangaziye, na kufikia umri wa kuolewa alikuwa akikitazama kiganja cha mtu tu, anajua hina itakolea mpaka wapi. Sasa kucha zake mwenyewe zilikuwa zimeota nyeupe kutoka chini, na hina ya mwisho imebaki ncha tu. Kila akiziangalia alikuwa akikumbuka kwamba hina ile alijitia yeye mwenyewe, Mahfudh akiwa bado hai.

"Mama," Felix alisema, "kiwanda kinangoja neno letu la rangi. Hii ndiyo waliyotuma tuitazame, imekamilika, na ndiyo ile ile aliyoichagua Mahfudh. Nimemletea shemeji aione. Akiridhia, Jumatatu natuma neno, na maganda yote yatatoka hivi."

Bi Fairuz akafungua kitambaa. Ilikuwa damu ya mzee, ule wekundu uliokolea mpaka ukakaribia weusi, nayo inang'aa hata ukaweza kujiona. Akaiweka shavuni. "Mlango wa babake," akasema. Kisha akaipitisha chini ya pazia.

Sasa niruhusu nirudi nyuma kidogo, ndipo utaelewa kwa nini pazia lile lilinyamaza muda wote ule.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya wahudumu wa afya wa mtaani, wale kina mama wanaopita nyumba kwa nyumba kupima watoto na kuangalia waja wazito. Karatasi zao zilikuwa zikilowa mvua, simu zao zikizima kabla ya adhuhuri. Mahfudh, fundi simu tangu ujana, alisema hawa wanahitaji kitu chao wenyewe, kinachoenea kiganjani, chenye vitufe vinavyobonyezeka hata kwa vidole vya maji, na chaji ya kutwa. Akampata Felix, aliyesomea mambo ya programu, wakashirikiana. Vitu vya ndani vilipokaa sawa, likabaki ganda. Watu hufikiri ganda ni pambo, jambo la kumalizia. Thubutu! Kitu kinachoingia nyumbani kwa mtu, ganda ndilo linalobisha hodi.

Basi siku moja Mahfudh akarudi nyumbani na vibao vidogo vya plastiki vya kila rangi, akavimwaga mkekani katikati ya vikombe vya hina. "Haya, bingwa," akamwambia mkewe, "mimi na Felix tumebishana wiki nzima. Tuamue wewe."

Kuluthum akafuta mikono, akashika kimoja kimoja. Nyeusi? Akacheka. Nyeusi ni mashine ya kanjo, wale askari wa kaunti, ya kukatia ushuru. Mhudumu akiingia nayo sokoni Kongowea, wenye mboga watakuwa wameshakunja magunia kabla hajasalimu. Kijani ni cha watu wa kutuma pesa. Rangi ya chungwa na manjano zina vyama vyake, na mwaka wa uchaguzi unaweza kufukuzwa mtaa mzima. Bluu iliyokoza ni polisi. Nyeupe ni sanda, na hata isingekuwa sanda, kwa vumbi la Kisauni na mikono ya chai ingekuwa imeshachafuka saa nne ya asubuhi.

"Lahaula! Kila rangi ina mwenyewe," akasema Mahfudh, akajishika kiuno.

Wakaja kwenye sura ya juu yake, ing'ae au ififie, iteleze au iwe na chembechembe. Kulikuwa na kibao chenye ule mpako mororo kama mpira, ambao ukiugusa hutaki kuuachilia. Kuluthum akautupa kando. Rimoti zao za zamani zilikuwa na mpako huo, na joto la hapa na jasho, mwaka haukuisha zikawa zinanata. Tena akamweleza kwa njia ya kazi yake: "Piko ile nyeusi hukaa juu ya ngozi, ndiyo maana hubanduka. Hina huingia ndani. Rangi ya kitu chako na iingie ndani ya plastiki, usikubali ipakwe juu."

Mahfudh akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Halafu akatia mkono mfukoni, uso umemchangamka, akatoa kibao alichokuwa amekificha. Damu ya mzee. Marehemu babake aliupaka mlango wa nyumba ile rangi hiyo, rangi ya mafuta inayong'aa, na mpaka leo ukimuulizia Bi Fairuz, watakwambia tafuta mlango wa damu ya mzee. "Hii haina mwenyewe ila sisi," akasema. "Nataka ing'ae vile vile. Wasemaje?"

Kuluthum akasema, "Nzuri."

Haikuwa nzuri. Kuluthum alikuwa ameharibikiwa na mimba mara mbili katika nyumba ile, na mara zote mbili alichokiona kwenye shuka, kilipoanza kukauka, kilikuwa rangi hiyo hiyo. Na kompyuta ile ilikuwa inakwenda kuwekwa mkekani mbele ya nani? Mbele ya waja wazito, na mbele ya waliokuwa waja wazito jana. Lakini Mahfudh hakuziona shuka. Wanawake walimtoa nje, wakafunga, na aliporuhusiwa kuingia kila kitu kilikuwa kimeshafuliwa. Kumwambia siitaki rangi hii kulikuwa ni kumwambia kwa nini, na jambo hilo mke na mume hawakuwahi kulitia mdomoni. Si kwamba walifichana. Walioneana huruma. Na furaha ile usoni mwake, jamani, nani angeizima? Akajiambia atamweleza siku nyingine, kwa upole, wakiwa wametulia. Wiki ile ile Mahfudh alizikwa.

Ndiyo sasa Kuluthum ameishika mkononi, nzito, baridi, inang'aa, na nje ya pazia watu wawili wanaomlilia mumewe wanangoja aseme neno moja.

"Shemeji?" Felix aliita.

"Nimeiona, shemeji. Mungu akulipe." Akaigeuza. "Na vile vibao vingine viko wapi?"

Felix akababaika. "Nimeviacha kazini. Niliambiwa mtu aliye eda haangalii rangi. Nikasema nisije nikakukosea."

Bi Fairuz akaangua kicheko, cha kwanza tangu msiba. "Nani alokwambia hayo? Rangi havai, mwanangu. Mato ya kuangalia hayakai eda!" Hata Kuluthum nyuma ya pazia alitabasamu. Kosa la adabu kama lile nani atalikasirikia? Mtu wa watu alikuwa ameacha sanduku zima la rangi kwa kumwonea mjane heshima.

"Basi niletee kesho, shemeji," alisema.

Kicheko cha Bi Fairuz kikakatika. "Za nini? Mwanangu alishachagua."

"Nataka kuziona tu, Mama."

Felix alivaa viatu vyake akaaga, naye aliitikiwa na Kuluthum peke yake.

Vibao vililetwa ndani ya boksi la viatu. Kuluthum alivipanga karibu na dirisha, akawa anavigeuza mwanga ulipogeuka. Alikiona alichokitaka mapema tu. Kilikuwa cha rangi ya maji ya kunde, wekundu wa udongo uliochanganyika na weusi kidogo, rangi ya ngozi ya watu wengi wa pwani hii. Hakikung'aa. Juu yake palikuwa na chembechembe ndogo ambazo huzioni ila kwa kidole. Akakikwaruza kwa ukucha, mkwaruzo haukuonekana, kwa kuwa rangi imo mpaka ndani. Akakimwagia chai, akakifuta. Akakiweka juu ya kiganja chake, akaona kimekaa kama kilichozaliwa pale. Si cha kanjo, si cha chama, si cha msiba. Moyo ulimwambia ndicho, na papo hapo ukaanza kumdunda kwa hofu.

Hofu ya nini, utauliza. Ya mambo mawili. Moja, Kuluthum hakuwa na mtoto. Eda ikiisha, hapakuwa na kitu cha kumweka nyumba ile isipokuwa mapenzi ya bi kizee yule. Akimgeuka, itabidi akajibanze kwa kaka yake Timbwani, ng'ambo ya feri, kwa wifi asiyempenda. La pili lilikuwa baya zaidi, nalo hakumwambia mtu. Alikuwa anakaa eda ya mume, kazi yake yote ni kumkumbuka na kumwombea, na hapo hapo anataka kuliangusha neno lake la mwisho. Kila alipoinuka kwenye msala aliona aibu.

Tena watu nao! Kina mama waliokuja kumtazama, kila mmoja alipoonyeshwa ile kompyuta nyekundu alisema mashallah, ndiyo rangi ya Mahfudh, alikuwa na jicho huyu. Tangu azikwe, Mahfudh hakuwa na kasoro hata moja. Si unajua desturi yetu, mtu akifa tunamfagilia njia. Hakuna aliyekumbuka tena kwamba alikuwa akiweka skrubu kwenye kopo la sukari, au kwamba ukibishana naye unaweza kuzeeka. Walimsifu mpaka akawa mtu mwingine. Kuluthum aliwaitikia, lakini moyoni aliona kila sifa inamsogeza mbali naye, na alimtaka yule wake, mwenye skrubu.

Akamwomba Felix amtafutie Quinter. Quinter alikuwa mhudumu wa afya, mwanamke wa bara aliyeishi Kisauni miaka mingi, na Felix alikuwa amempa ile kompyuta atembee nayo siku kadhaa kabla ya kuileta kwa mjane. Alikuja alasiri, na kwa kuwa ni mwanamke mwenzake akaingia mpaka chumbani, akakaa mkekani na kutoa pole zake.

"Rangi je?" Kuluthum alimuuliza walipokwisha kunywa chai.

"Iko sawa kabisa, dada. Ni maridadi. Fundi alikuwa anajua."

"Quinter. Mahfudh angekuwa pale barazani sasa hivi, mzima, anakoroga chai yake, ungemjibu hivyo?"

Quinter akainamia kikombe. "Angekuwa hai ningemwambia ukweli."

"Niambie mimi."

Mgeni akaweka kikombe chini. Kisha Quinter akasema, "Kuna mama mmoja kule Mtopanga. Mimba ilikuwa imetoka juzi yake, na mimi sijui. Nikaweka hii kitu chini, kwa mkeka, nianze kumuuliza maswali. Akaiangalia. Akatoa leso kichwani, akaifunika. Hakusema kitu, dada, aliifunika tu kama vile unafunika mtu. Nikamaliza maswali yangu bila kuishika tena. Na mwingine akaniuliza kama hakuna ya rangi ingine. Felix aliponiuliza nikamwambia iko sawa. Rangi ya marehemu, nani atasema?"

Kuluthum hakulia. Alimshika Quinter mkono, akaushika sana, mpaka Quinter akaelewa bila kuambiwa, na yeye ndiye aliyelia.

Alipoondoka, pazia likafunguliwa. Bi Fairuz alikuwa ukumbini muda wote, kisu na kitunguu mkononi. Kitunguu kilikuwa bado kizima.

"Kuluthum."

"Abee, Mama."

"Yeo hii nataka unambie. Wakalia eda ya nani?"

"Ya Mahfudh, Mama."

"Ya mwanangu. Na kauli yake waivunja, kaburi halijakauka? Umeketi hapa na vibao vyako, wamwita mtu wa kando, wamtafutia mwanangu aibu!" Sauti ilipanda, na Bi Fairuz si mtu wa kupandisha sauti. "Kimebaki nini chake? Mtoto hakuacha. Nyumba ni ya babake. Kimebaki hiki kitu na rangi hii. Nacho wataka kuniondolea?"

Lile neno la mtoto lilimkata Kuluthum mpaka kwenye mfupa. Nadhani hata Bi Fairuz mwenyewe alijutia, maana alishika mwimo wa mlango. Kuluthum angeweza kunyamaza. Angesema samahani Mama, nimekosa, na mambo yangekwisha, na Jumatatu damu ya mzee ingetumwa kiwandani. Alikuwa amenyamaza vizuri sana maisha yake yote. Lakini safari hii akapiga moyo konde.

"Mama, zile shuka ni nani aliyezifua?"

Bi Fairuz akaweka kisu chini.

"Mara ya kwanza, na mara ya pili. Hukumruhusu mtu mwingine. Ulizifua uani kwa chumvi na maji baridi, mimi nakusikia kutoka hapa hapa nilipolala, na ulikuwa unalia, ukidhani nimesinzia. Zilikuwa rangi gani, Mama?"

Nje mtoto wa jirani alikuwa akipiga kelele za mpira.

"Yeye hakuziona," Kuluthum aliendelea. "Wewe uliziona, na mimi niliziona. Angeziona asingeichagua, wallahi nakuapia. Aliniuliza, Mama. Aliniuliza wasemaje, nikamwambia nzuri. Nilimdanganya kwa kumpenda. Nilisema nitamweleza kesho. Sasa namwambia nani? Huyo mama wa Mtopanga ameifunika kwa leso yake. Watakuja wengine wangapi, nami najua, na wewe wajua, na tumekaa tunamsifu tu?"

Bi Fairuz akaja akakaa chini, taratibu, kwa magoti yake mabovu. Akaichukua ile kompyuta nyekundu akaiweka mapajani. Akawa anaifuta kwa pindo la leso, mahali ambapo hapakuwa na uchafu, anafuta tu.

"Nilisema ndicho kitakachobaki," alisema mwisho, kama mtu anayejisemea. "Nilisema, watu watapita nayo mitaani nami nitakaa barazani niwatazame. Nitasema yule pale ni mwanangu, na babake." Akaacha kufuta. "Wewe wataka ipi?"

Kuluthum akampa kibao cha maji ya kunde. Bi Fairuz akakiweka juu ya mkono wake uliokunjamana, akakigeuza. "Haking'ai."

"Hakivuti macho, Mama. Ukikiweka mkekani, mtu atakutazama wewe usoni kwanza."

Bi kizee aliinuka na kile kibao, akaenda zake chumbani kwake, na hata kwa chakula cha jioni hakutoka. Kuluthum alikesha akijua kwamba amelisema lililokuwa la kweli, na kwamba pengine limemtoa katika nyumba hiyo.

Felix alikuja Jumapili baada ya kanisa, bado amevaa shati lake lililonyooshwa kwa pasi, kuchukua neno. Kuluthum alimsikia akivua viatu. Alikuwa ameshajiandaa kusema mwenyewe kutoka nyuma ya pazia, na maneno alikuwa ameyapanga, lakini Bi Fairuz alimtangulia. Alisikia hatua zake zikipita ukumbini, akasikia kiti cha barazani kikilia.

"Shikamoo, Mama. Basi nitume ile ya Mahfudh?"

Kuluthum alishika pazia.

"Felix, mwanangu."

"Naam, Mama."

"Mahfudh alikosea."

Nadhani Felix hakuamini masikio yake. Mama mzazi, na mtoto yuko kaburini!

"Alikosea rangi," Bi Fairuz akasema tena. "Alikuwa mwana mwema, Mola amrehemu, na alikuwa hodari wa kazi yake. Lakini hili hakulijua. Sisi tuliolijua hatukumwambia, na hilo ni letu. Tuma hii ya mkewe. Ndiyo yenyewe."

Kibao kikabadilisha mikono. Felix hakuuliza sababu, Mungu ambariki. Alikaa nacho, kisha akasema polepole, kama anayejaribu maji kwa mguu, "Mama, na mimi nilimwambia asiing'arishe. Tulibishana siku mbili. Alikuwa mbishi yule, Mama."

"Mbishi!" alisema Bi Fairuz. "Wewe wanambia mimi? Mbishi tangu tumboni!"

Akacheka, na kicheko hicho hicho kikageuka kilio.

Nyuma ya pazia Kuluthum alikuwa amekaa chini bila kujijua. Tangu siku ya maziko hakuna aliyethubutu kumwita Mahfudh mbishi. Na sasa ndiye huyo, amerudi, mwanamume wake mwenyewe, mwenye ubishi wake na makosa yake, si yule mtakatifu wa kina mama wa matanga. Na kwa kuwa amerudi, ndipo alipoelewa sawasawa kwamba amekufa. Akalia kwa sauti, kilio ambacho hakuwa amekilia siku zote zile, na hakujali nani anasikia. Bi Fairuz aliingia, hakumwambia nyamaza wala jikaze. Alikaa naye mkekani, akamvuta kichwa akamlaza pajani, wakalia pamoja.

Barazani Felix alibaki pale pale, kibao kiganjani, hakuaga wala hakuondoka mpaka waliponyamaza.